Kiti cha Waziri wa Ulinzi, kuanzia geti la Colito

Haya niliyaongea Jumamosi kwa vijana wetu hapa Morogoro, wakaniomba niyaweke kwenye maandishi kwa sababu kuna waliokuja wamechelewa na kuna waliokuwa wanachati. Nimeyaandika kama nilivyoyaongea, kwa hiyo mnisamehe sentensi ndefu, mwalimu mstaafu wa historia akipewa maiki hajui kushusha pumzi.

Wazee shikamooni, vijana hamjambo. Mada niliyopewa ni historia ya Waziri wa Ulinzi hapa kwetu Tanzania, na nilivyoiona kwenye meseji nikacheka kidogo, nikasema hawa vijana wanadhani nakuja kuwasimulia vita. Sasa kabla sijaanza naomba nyie mliopita mujibu wa sheria, ile JKT ya lazima, mnyooshe mikono. Haya, wengi. Ulipokuwa kule kambini, unakimbizwa alfajiri, unaimba, unalima, uliwahi kumwona Waziri wa Ulinzi? Hamna. Mlikuwa mnamwogopa afande tu wa kombania, na kumbe lile jeshi lote mlilokuwemo lipo chini ya wizara yake, jina lenyewe la wizara ni Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, hiyo ndo JKT. Huyu bwana ndo nataka tumwongelee, mkubwa asiyeonekana, na kwa nini haonekani, maana mimi naamini haikutokea kwa bahati mbaya.

Turudi Januari 1964. Tanganyika ina uhuru wa miaka miwili na kidogo. Jeshi lililopo linaitwa Tanganyika Rifles, ila ni ile ile King's African Rifles ya mkoloni imebadilishwa jina, maofisa wakubwa bado Waingereza, kamanda ni Brigedia Douglas, Mwingereza. Askari Mwafrika anapiga saluti kwa mzungu yule yule aliyekuwa anampigia kabla bendera haijashushwa, na mshahara nao mdogo. Kule Zanzibar Mapinduzi yametokea tarehe 12 mwezi huo huo, kwa hiyo joto limepanda. Usiku wa kuamkia tarehe 20 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo mnaiita Lugalo, wakaasi. Wakawakamata maofisa wao, wakaingia mjini Dar, wakashika sehemu muhimu, wakafika mpaka Ikulu. Wanataka mambo mawili, mzungu aondoke na mshahara upande.

Sasa Waziri wa Ulinzi ni nani? Ni Oscar Kambona, na angalieni, yeye ni Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi, mtu mmoja kofia mbili. Yaani wakati ule ulinzi ulikuwa ni kitu cha kumbebesha mtu juu ya kazi nyingine, nchi ndogo, jeshi lenyewe batalioni mbili, moja Colito moja Tabora, nani alidhani kuna shida. Nyerere na Kawawa wakafichwa ng'ambo, Kigamboni. Aliyebaki kuongea na askari ni Kambona. Hana kikosi kingine cha kuita, hana ofisa wa kumtuma kwa sababu maofisa ndo wamefungiwa, ana mdomo tu. Akaongea nao, wakamkazia, akakubali Waingereza waondoke, wakasafirishwa kwa ndege kwenda Nairobi, na askari wakajichagulia mkubwa wao, Luteni Elisha Kavana. Kesho yake Tabora nao wakaasi. Siku chache mbele moto ukaruka mipaka, Jinja Uganda na Lanet Kenya, na kule Jinja waziri wao wa Mambo ya Ndani, Felix Onama, alikwenda kuongea na askari, askari wakamshikilia hapo hapo mpaka akubali wanachotaka. Kwa hiyo Kambona hata mkimcheka, mwenzake wa jirani yalimkuta makubwa zaidi.

Mwisho wake mnaujua, au kama hamuujui basi walimu wenu wana kesi ya kujibu. Nyerere akalazimika kuwaomba Waingereza, wale wale, na tarehe 25 makomandoo wao wakatua na helikopta kutoka kwenye meli ya Centaur, kazi ikaisha asubuhi hiyo. Mwalimu aliliona lile jambo ni fedheha na hakulificha, aliwaambia wananchi hivyo hivyo. Mwezi uliofuata akaita mawaziri wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Dar es Salaam, Waingereza wakaondoka, Wanigeria wakaja kushika zamu wakati sisi tunatengeneza jeshi jipya.

Hapa ndo nataka mkae vizuri. Tanganyika Rifles ilivunjwa kabisa. Jeshi jipya, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, likazaliwa tarehe 1 Septemba 1964, vijana wakatoka Umoja wa Vijana wa TANU na JKT, mkuu wa majeshi akawa Mrisho Sarakikya, kijana kabisa wakati ule. Wote tunakumbuka hiyo tarehe 1 Septemba kwa sababu kila mwaka wanajeshi wanafanya usafi na kuchangia damu. Ila kuna badiliko lingine halina sherehe. Ulinzi ulitolewa kwa Kambona ukapelekwa kwa Rashidi Kawawa, Makamu wa Pili wa Rais. Yaani yule aliyekuwa amefichwa pamoja na Nyerere kule Kigamboni ndo akapewa jeshi, na yule aliyebaki mjini kuongea na waasi akabaki na Mambo ya Nje tu. Sisemi Kambona alishukiwa, sina ushahidi huo na watu wameandika mengi ya hewani kuhusu yeye, hasa baada ya kuondoka nchini mwaka 1967 kwenda London na kukaa huko mpaka 1992. Nasema tu ukiwa rais na umeshaona namna ile, jeshi unaliweka karibu na wewe, kwa mtu wako wa karibu, sio kwenye kofia ya pili ya waziri anayeshinda kwenye ndege.

Kawawa alikaa na ulinzi chini ya ofisi yake mpaka 1972. Na ilikuwa pamoja na JKT, na hii JKT ilimletea fujo ya kwanza kubwa ambayo haikuwa ya bunduki. Mwaka 1966 ikaja sheria kwamba wasomi wote waende JKT, na sehemu ya mshahara wao ikatwe wakati wa utumishi. Wanachuo wakaona wanaonewa, tarehe 22 Oktoba wakaandamana mpaka Ikulu, na mabango, kuna bango lilisema afadhali ukoloni. Jamani. Afadhali ukoloni, unamwambia Nyerere! Zaidi ya 300 wakafukuzwa chuo, wakarudishwa kwao vijijini, na Mwalimu hapo hapo akajikata mshahara wake asilimia 20. Baadhi ya waliofukuzwa walirudi baadaye na wakawa wakubwa serikalini. Kwa hiyo nyie mnaolalamika kuhusu mujibu wa sheria, mna babu zenu waliolalamika kabla yenu tena kwa gharama kubwa. Sheria hiyo ililegezwa 1994, vijana wa kidato cha sita wakawa hawaendi, ikarudishwa 2013. Mimi kizazi changu tulikwenda mwaka mzima bana, acheni hizo.

Mwaka 1972 Nyerere akapanga upya serikali, Kawawa akawa Waziri Mkuu, na ulinzi ukapata waziri wake mwenyewe, Edward Moringe Sokoine, kijana wa Kimasai wa miaka 33. Huu kwangu mimi ndo mwanzo wa hiki kiti kama tunavyokijua leo. Mwaka huo huo Septemba wakimbizi wa Uganda waliokuwa hapa kwetu walivamia Uganda wakapigwa vibaya na Amin, ikabidi yafanyike mapatano Mogadishu, kwa hiyo Sokoine hata kiti hakijapata joto ameshaona kitu gani kinakuja. Miaka yake ndo miaka ya Wachina kujenga, uwanja wa ndege wa kivita hapo Ngerengere mnaoupita mkienda Dar. Kazi ya waziri ilikuwa hiyo, kujenga, kununua, kufundisha, kutafuta hela. Akakaa mpaka 1977 akawa Waziri Mkuu, na Kawawa akatoka uwaziri mkuu akaja kukaa kwenye ulinzi. Wamebadilishana viti kama watu kwenye daladala. Leo waziri mkuu akishushwa kuwa waziri wa kawaida mitandao italala macho, Kawawa alikwenda tu akafanya kazi.

Na ndo yeye alikuwa Waziri wa Ulinzi Amin alipovuka, mwishoni mwa Oktoba 1978, akatangaza Kagera ni yake, daraja la Kyaka likabomolewa. Mimi nilikuwa darasa la tatu Kilosa. Nakumbuka redio ya mzee jirani, watu wamejaa uani, Mwalimu anasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Watoto tuliirudia wiki nzima, ukigombana na mwenzio kwenye gololi unamwambia nia ya kukupiga ninayo. Baba yangu mdogo alikuwa mgambo akachukuliwa, alirudi mwaka uliofuata amekonda, na saa ya mkononi ambayo hakutaka kusema ameipata wapi.

Ila nawauliza, kwenye ile vita majina mnayoyajua ni yapi? Nyerere. Musuguri, jenerali wa kule mstari wa mbele. Twalipo aliyekuwa mkuu wa majeshi. Kuna mtu ametaja Sokoine, sawa, kwa sababu kama Waziri Mkuu ndo aliyewapa wakuu wa mikoa amri ya kukusanya magari, chakula, watu. Kawawa mmemtaja? Hakuna hata mmoja. Waziri wa Ulinzi mwenyewe, kwenye vita kubwa pekee ambayo nchi imepigana, na hatajwi. Na sio kwamba alilala. Jeshi lilivimba kwa miezi michache likapita watu laki moja, na watu laki moja wanakula, wanavaa buti, wanaumwa, wanahitaji risasi na malori kutoka Dar mpaka Bukoba kwa barabara za wakati ule, mvua za Machi. Amri za kusonga mbele zilikuwa zinatoka kwa Amiri Jeshi Mkuu kwenda kwa majenerali, na wizara ipo nyuma inahangaika na mafuta. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka, picha zikapigwa za wapiganaji. Mhasibu hapigwi picha.

Baada ya vita, 1980, kikaja kitu ambacho kwa historia yetu ni cha ajabu kidogo, Twalipo akatoka ukuu wa majeshi akafanywa Waziri wa Ulinzi. Jenerali kabisa anakaa upande wa raia kwenye meza ile ile. Miaka ile ilikuwa migumu, vita imekomba hazina, sukari ya foleni, sabuni ya foleni, na Januari 1983 wakakamatwa wanajeshi na raia kwa njama ya kuipindua serikali. Sokoine akarudishwa uwaziri mkuu mwaka huo huo, na tarehe 12 Aprili 1984 ndo akafariki kwa ajali hapo Dakawa, kwenye barabara yetu hii. Mahali penyewe sasa panaitwa Wami Sokoine, mnapita kila siku.

Aliyerithi uwaziri mkuu ni Salim Ahmed Salim, na baada ya Mzee Mwinyi kuingia Ikulu, Salim akawa Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Ulinzi kwa pamoja mpaka 1989 alipokwenda kuwa Katibu Mkuu wa OAU. Mwanadiplomasia, mtoto wa Pemba, mtu wa New York, Umoja wa Mataifa. Mnaona kiti kimeanza kubadilika sura. Hapa niseme jambo la Muungano maana kuna watu wanalisahau, ulinzi ni jambo la Muungano toka siku ya kwanza 1964, kwa hiyo Mzanzibari kushika hii wizara ni kawaida kabisa, Salim ameshika, Nahodha ameshika, Hussein Mwinyi ameshika kuliko wengi.

Miaka ya vyama vingi nitaipita haraka. Kinana alishika, huyu ni kanali mstaafu, na ndo kipindi ambacho wanajeshi walitolewa kwenye chama, maana wakati wa chama kimoja mwanajeshi alikuwa anakuwa mwanachama kama kawaida na kambini kuna kamisaa wa siasa. Sasa Katiba ibara ya 147 inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa. Baadaye akaja Profesa Sarungi, bingwa wa mifupa wa Muhimbili, akaja Profesa Kapuya, mwanasayansi na mpenzi mkubwa wa dansi, kisha Dokta Hussein Mwinyi, daktari naye. Mtu wa mifupa, mtu wa sayansi, mtu wa hospitali. Ukiiona hiyo listi bila kuambiwa unaweza kudhani ni Wizara ya Afya.

Na huyu Hussein Mwinyi aliingia 2008, na mwezi Machi tu vikosi vyetu vikaenda Komoro, kisiwa cha Anjouan, kumtoa Kanali Bacar aliyegoma kuachia madaraka. Hiyo ilikwenda vizuri. Kisha likaja la Mbagala, tarehe 29 Aprili 2009, ghala la mabomu likalipuka, makombora yanaruka mpaka kwenye nyumba za watu, watoto wamepotea, watu wanakimbia na magodoro. Tukaambiwa haitatokea tena. Tarehe 16 Februari 2011 ikatokea Gongo la Mboto. Watu wamelala Uwanja wa Uhuru. Kelele zikawa nyingi, waziri ajiuzulu, mkuu wa majeshi ajiuzulu, hakujiuzulu mtu. Mimi nilikuwa bado nafundisha, na wanafunzi wangu wakaniuliza, mwalimu, waziri ndo aliyepanga mabomu? Nikawaambia hapana, lakini baba yake, Mzee Mwinyi, mwaka 1977 alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, polisi waliua watu kule Shinyanga kwenye mahojiano, yeye hakuwapo hata kwenye chumba, na akaandika barua akajiuzulu, na ile barua haikummaliza, miaka 8 baadaye ni Rais. Darasa likanyamaza. Wengine mtaniambia vitu viwili tofauti, sawa, mimi nimewapa jibu nililowapa wao.

Aliyeondoka kweli kwa jambo la wizara hii ni Shamsi Vuai Nahodha, aliyewahi kuwa Waziri Kiongozi kule Zanzibar miaka 10. Desemba 2013, Operesheni Tokomeza, ya kupambana na majangili wa tembo, ikageuka mateso kwa wananchi, mifugo inauawa, watu wanapigwa, kamati ya Bunge ikaleta ripoti na mawaziri wanne wakaondoka usiku mmoja, wa Ulinzi, wa Mambo ya Ndani, wa Maliasili na wa Mifugo. Sasa pimeni wenyewe, Nahodha hakutoa amri kwa askari hata mmoja porini, hana mamlaka hayo, ila bili ilikuja kwake. Hussein Mwinyi akarudishwa kutoka Afya, akakaa mpaka 2020, na katika kipindi hicho ndo tulipoteza vijana wetu 14 kule Semuliki, Kongo, Desemba 2017, walinzi wa amani. Waziri ndo mtu wa kusimama mbele ya jambo kama lile na kuliambia taifa. 2020 akaenda kuwa Rais wa Zanzibar.

Na hilo la urais kuna kijana kaniuliza pembeni. Angalieni majirani zetu. Museveni alikuwa Waziri wa Ulinzi 1979, akahamishwa wizara, miaka michache akaingia msituni. Kagame alikuwa Makamu wa Rais na Waziri wa Ulinzi kuanzia 1994 mpaka anachukua nchi 2000. Kule hiki kiti kina ngazi nyuma yake. Kwetu, katika marais wote wa Muungano, hakuna aliyepandia hapo kwenda Ikulu. Hata Kikwete, luteni kanali mstaafu kabisa, alipita Maji, Fedha, Mambo ya Nje, ulinzi hakupewa. Ndo maana nasema haikutokea kwa bahati mbaya.

Ya juzi juzi mnayajua, Kwandikwa alishika Desemba 2020 akafariki Agosti 2021, na Septemba Rais Samia akamteua Stergomena Tax, aliyekuwa Katibu Mtendaji wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, mwanamke wa kwanza toka uhuru. Siku ya kumwapisha Rais alisema kitu ambacho mimi nimekifundisha miaka 30 kwa maneno mengi na yeye akakimaliza kwa machache, kwamba watu wanadhani wizara ile lazima akae mwanaume mwenye misuli, wakati kazi ya waziri sio kubeba bunduki wala kupiga mizinga, ni sera na kusimamia wizara. Akahamishwa 2022, akaja Bashungwa, 2023 mama akarudi. Na kazi ndo hiyo hiyo, bajeti ya matrilioni Dodoma, maswali ya wabunge kuhusu kijiji fulani na kambi fulani wanagombania mpaka na fidia haijalipwa, pensheni za wastaafu, SUMA JKT ambalo ni shirika la biashara la JKT, Nyumbu ya magari kule Kibaha, na kiwanda cha risasi cha Mzinga hapa kwetu ambapo nusu ya wajomba zenu wamefanya kazi.

Swali la mwisho lilikuwa zuri, binti mmoja kauliza, hivi leo Waziri wa Ulinzi akiamka akasema kikosi fulani kitoke kambini, kitatoka? Kitabu kinasema Amiri Jeshi Mkuu ni Rais, ibara ya 33 na ya 148, na chini yake kijeshi ni Mkuu wa Majeshi. Waziri anapigiwa saluti, anakagua gwaride, anasaini makaratasi, ila kikosi hakitoki kwa neno lake peke yake. Akauliza tena, na ile siku ya Colito, Kambona angesema warudi kambini wangerudi? Nikamwambia mwanangu, aliwaambia.